Ushuhuda Uliomfuata Léopold

Kanisani kwetu Nechells, hapa Birmingham, mwenye maiki ni mimi. Kuhubiri ni kwa Mchungaji Mugo. Kazi yangu mimi ni kipindi cha ushuhuda. Ninajua nani anaanza, nani anafuata, na nani wa kunyang'anywa maiki kwa upole akianza kutueleza habari za mwenye nyumba wake. Watu huniita Mama Cheryl, na wakitaka kunisengenya huniita Mama Maiki. Sawa tu, kila mtu na cheo chake.

Kabla sijafika mbali nikueleze kitu, kwa sababu bila hicho hutaelewa kwa nini Léopold nusura afungwe. Ushuhuda una mwendo wake. Unaanza gizani, unaishia nuruni, na giza likiwa dogo hakuna anayeiona nuru. Kwa hiyo watu hutia chumvi. Mzee Onyango alipookoka alisimama akasema zamani alikuwa mnywaji, na kanisa likamjibu "Amina" moja ya baridi. Pasaka iliyofuata akasema alikuwa akilala mtaroni. Kufika Krismasi, mbwa walikuwa wakimlamba uso humo mtaroni. Mkewe alikuwa ameketi mstari wa mbele, anajua fika kwamba mzee hajawahi kulala nje ya kitanda chake, na yeye ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Wakenya tunatia chumvi, Wakongo wanatia chumvi, na Mtanzania wetu mmoja anatia na pilipili. Hatuiti uongo. Ni namna ya kumpa Mungu sifa zake.

Sasa Léopold. Mkongo wa Bukavu, mume wa Rosalie, mtu mpole anayefunga kifungo cha shati hadi shingoni hata wakati wa joto. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani: anawaogesha, anawapa dawa, anawapikia kifungua kinywa, anaenda kwa mwingine. Akimaliza kazi bado anapita kuwaona wagonjwa wa kanisa, maana ndiye aliyeongoza huduma ya wagonjwa. Alikuwa amekaa nasi miaka bila kushuhudia hata mara moja. Nilikuwa nimeshamkata tamaa. Jumapili moja akaja mwenyewe mbele, akanyoosha mkono, nikampa maiki.

"Nilikuwa na myaka kumi na kenda," akasema. "Nilikuwa natumika ku kliniki moja kule kwetu. Kulikuwa mama muzee, mugonjwa sana. Akiwa amelala, nikamuvua hereni zake za dhahabu, nikaenda kuziuzisha. Hakuna mutu aliniuliza. Balimufukuza mama mwenye alikuwa anafagia. Miye nikanyamaza."

Wee! Kanisa lilitikisika. Akina mama walilia. Mchungaji Mugo aliruka jukwaani, akamkumbatia, akapaza sauti, "Aliyekuwa mwizi leo anawaogesha wazee wa Birmingham, nani kama Mungu!" Na mimi nikawaza moyoni, kumbe bwana huyu anajua kutia chumvi, ametuwekea hata mfagiaji. Vijana wetu wa kamera wakairusha YouTube, na juu yake wakaandika kwa herufi kubwa: ALIKUWA MWIZI, LEO NI MTUMISHI.

Mwaka haukupita. Kulikuwa na bibi mmoja Mhindi, Bibi Kamla, anaishi peke yake ghorofani Ladywood, ana ugonjwa wa kusahau. Léopold alikuwa akimhudumia asubuhi. Bangili ya bibi ikapotea, bangili ya dhahabu aliyovalishwa siku ya arusi yake. Bintiye, Tara, alikuwa ameiona mkononi mwa mama jioni. Kesho yake mchana haipo. Asubuhi hiyo aliyeingia ni Léopold. Polisi wakamhoji, akakana. Kisha polisi mmoja akaandika jina lake kwenye mtandao, na kitu cha kwanza kumtokea ni Mchungaji Mugo akipaza sauti.

Video ikapelekwa kwa mkalimani. Léopold akasimamishwa kazi, akashtakiwa. Tukangoja kesi karibu miaka miwili, maana mahakama za hapa zina foleni ndefu kuliko hospitali. Rosalie akawa anafanya kazi ya kusafisha mara mbili kwa siku. Akipatikana na hatia, mume wake ataenda jela, na kazi ya kutunza watu hataigusa tena maisha yake yote.

Mimi mambo ya mahakama yalinishika kama muwasho. Nilitaka kujua kila kitu. Siku wakili wake aliponiita ofisini, nilikwenda na maswali yangu. Wakili alikuwa dada mdogo wa Kisikh, Miss Sukhjinder, mwenye macho ya mtu ambaye halali vya kutosha. Nikamwambia, "Hizo hereni za Bukavu, alishtakiwa?"

"Hapana."

"Sasa zinaingia vipi katika kesi ya bangili ya Ladywood?"

Akaniambia sheria wakati mwingine inaruhusu. Kosa la zamani, hata kama mtu hakuwahi kushtakiwa kwalo, linaweza kuletwa mbele ya juri, wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi, kama linaonyesha kwamba ana mwelekeo wa kutenda namna ile. Alikuwa amepinga, jaji akamsikiliza, na mwisho jaji akaruhusu. Dhahabu na dhahabu. Mgonjwa na mgonjwa.

"Basi kwisha," nikasema. "Sisi wenyewe tuna methali: mchovya asali hachovyi mara moja. Hao watu kumi na wawili wakisikia hivyo, watangoja nini?"

"Ndiyo maana jaji huwapa maelekezo," akasema. "Anawaeleza wanaruhusiwa kuitumia kwa lipi na hawaruhusiwi kwa lipi."

"Mtu anawezaje kuambiwa asitumie kitu alichokwisha kusikia?"

Akatabasamu kidogo. "Njoo uyasikie mwenyewe." Ai, hapo alinimaliza. Sikulala vizuri tangu siku hiyo kwa hamu ya kuyasikia hayo maelekezo.

Alichotaka kwangu kilikuwa rahisi. Alikuwa amemuuliza Léopold kama habari ya hereni ni ya kweli, na Léopold akatazama sakafu, akasema, "Kanisani batu banaongezaka." Basi. Hakusema ndiyo, hakusema la. Mimi, kwa kuwa ndiye mwenye maiki, nilitakiwa kulieleza juri jinsi ushuhuda wetu unavyokwenda. Nikarudi nyumbani nikajipanga. Mzee Onyango na mbwa wake, wote niliwatayarisha.

Siku ya kutoa ushahidi nilivaa suti yangu ya buluu na viatu vinavyobana. Sikujua kwamba shahidi haruhusiwi kuingia kusikiliza kabla ya zamu yake. Nikawekwa nje, kwenye kiti cha plastiki, mlango umefungwa, na ndani Léopold anaapa na kuhojiwa. Haki ya nani, sijawahi kuteseka vile. Kila mtu akitoka nilimkodolea macho nione kama uso wake una habari. Alitoka karani mmoja, akapiga mwayo, akarudi ndani.

Hatimaye nikaitwa. Ndani palikuwa padogo kuliko nilivyofikiri. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye wigi lililoinama upande mmoja. Juri wamepangwa safu mbili: bwana mwenye kilemba, dada wa Kisomali, kijana mwenye fulana ya mpira, wazee wawili watatu, watu wa basi tu, watu unaopanda nao kila siku. Léopold yuko nyuma ya kioo. Kule juu kwa wasikilizaji nikamwona Rosalie. Akawa ananitikisia kichwa, polepole, kwa nguvu. Nikadhani ananionea huruma kwa ajili ya viatu.

Miss Sukhjinder akaniuliza nimemfahamu Léopold kwa muda gani. Nikajibu. Akaniuliza anavyokaa na wagonjwa. Nikaeleza jinsi alivyomuuguza mama mmoja wa kanisa hadi siku yake ya mwisho, na familia yake haikukosa hata kijiko. Vizuri kabisa. Nikawa nangoja swali la chumvi. Akasema, "Asante, Mama Cheryl," akaketi.

Nilibaki nimesimama. Nikawaza, huyu mtoto amesahau! Usingizi umemchukua! Nikamgeukia jaji, nikasema, "Na kuhusu ile video..."

"Ngoja uulizwe," jaji akaniambia.

Wakili wa mashtaka akainuka. Mrefu, mpole, sauti ya mtu anayekukaribisha chai. "Ulitaka kusema kitu kuhusu video?"

Miss Sukhjinder alifumba macho. Niliona. Na hata hivyo nikaendelea, maana mimi nikipewa nafasi ya kusema, kunizuia ni kazi. Nikamweleza giza na nuru. Nikamweleza Onyango, mtaro, mbwa. Dada wa Kisomali akacheka, bwana wa kilemba akatabasamu, nikaona mambo yananyooka. Nikasema mtu akisimama kanisani kwetu anaongeza ili Mungu atukuzwe, na kila mtu anajua, na Léopold naye aliongeza.

"Kwa hiyo yale ya kliniki ya Bukavu, kwa maoni yako, hayakutokea?"

"Hayakutokea! Huyu hawezi kumvua mgonjwa hereni. Ninamjua."

Yule bwana akapanga karatasi zake. Kisha akasema, bila kuinua sauti, "Mama, asubuhi ya leo, mahali hapo hapo uliposimama, mshtakiwa aliliapia juri kwamba yalitokea. Kila neno. Hereni, kuziuza, na mwanamke aliyefukuzwa. Sasa unaliambia juri kwamba ameapa uongo?"

Nilimtazama Léopold. Akanitazama naye kwa huruma, yaani yeye ndiye aliyenihurumia mimi. Hapo nikaelewa kwa nini Rosalie alikuwa akitikisa kichwa. Nikamwelewa na Miss Sukhjinder: hakusahau swali, aliliacha kwa sababu lilikuwa limekufa, na kanuni zilimkataza kuja nje kunieleza. Mimi ndiye niliyelifukua. Nilisema, "Sijui," kwa sauti ndogo sana, na yule bwana akasema hana swali lingine.

Nikaruhusiwa kwenda kukaa na wasikilizaji. Rosalie alinisogezea nafasi bila kuniangalia. Nilikuwa na aibu mpaka masikio yanachemka. Nikamnong'oneza, "Kwa nini amekubali?"

"Miye sikujua pia," akasema. "Myaka yote hii. Nilizania ni hadithi ya kanisa."

Kesho yake jaji akawapa juri maelekezo. Nilikuwa nimeaibika, ndiyo, lakini udadisi haufi kwa aibu. Nilikaa mbele kabisa, nimeshika reli kwa mikono miwili.

Alianza na mengine: ni nani mwenye mzigo wa kuthibitisha, wawe na hakika kiasi gani. Kisha akafika kwenye video. Alisema polepole, akiwatazama mmoja mmoja. Nitakueleza kwa maneno yangu.

Alisema kama mshtakiwa angekana, kazi yao ya kwanza ingekuwa kujiuliza kama wana hakika tendo la Bukavu lilitokea, na wasipokuwa na hakika, waliweke kando kabisa, wala wasiligeukie tena. Lakini amekubali, kwa hiyo hilo halina ubishi. Akaongeza kwamba shahidi mmoja alitoa maoni tofauti kuhusu Bukavu, lakini shahidi huyo hakuwa Bukavu, na wasisumbuke naye. Shahidi huyo ni mimi. Nikainama kidogo kwenye kiti.

Akaendelea. Kukubali kwamba alifanya lile si kuthibitisha kwamba alifanya hili. Wajiulize: je, tendo moja, la ujana, miaka mingi iliyopita, katika nchi iliyokuwa vitani, linaonyesha kweli kwamba mtu huyu ana mwelekeo wa kuwaibia wagonjwa? Upande wa mashtaka unasema ndiyo, kwa sababu yanafanana. Upande wa utetezi unasema hapana, na kwamba mtu huyu alilitoa mwenyewe hadharani wakati hakuna aliyekuwa akimshuku kwa lolote. Ni juu yenu. Mkiona halionyeshi mwelekeo huo, liwekeni kando. Mkiona linaonyesha, basi ni sehemu tu ya ushahidi, na sehemu ndogo. Hata mtu mwenye mwelekeo hafanyi jambo kila anapopata nafasi. Msimtie hatiani kwa sababu hiyo peke yake, wala kwa sababu hiyo hasa. Na msimwadhibu kwa Bukavu. Hajashtakiwa kwa Bukavu.

Nilisahau aibu yangu. Nilikuwa nimezoea wahubiri wanaosukuma watu upande mmoja kwa nguvu zote, na huyu mama alikuwa akiwashikia watu mlango wazi pande zote mbili. Lugha yetu ilikwisha kumhukumu mchovya asali zamani za babu, na yeye alikuwa akiwaambia kumi na wawili wale waiache asali, wachunguze bangili. Nikatazama nyuso zao. Kijana wa fulana ya mpira alikuwa amekunja kipaji kama mtu anayepiga hesabu. Nilitamani kuingia kichwani mwake nione inavyofanyika.

Wakaenda kujifungia. Na sheria ya hapa inawakataza kusimulia walichosema humo ndani, hata kwa wake zao, hata wakizeeka. Fikiria! Kitu pekee nilichokitaka kukijua, na hakijulikani milele.

Tukangoja kwenye korido, mimi na Rosalie. Léopold alikuwa na Miss Sukhjinder upande wa pili. Rosalie alitoa mandazi kwenye mfuko, hakuna aliyeyala. Kisha akaniuliza, "Mama Cheryl, weye unaona alikamata ile bangili?"

Nikafungua mdomo kusema hapana, na hapana haikutoka. Ngoja nikuambie ukweli jinsi ulivyonikuta. Miaka miwili nilikuwa nimemwamini Léopold kwa moyo wote. Nilimpikia, nilimwombea, niligombana na watu kwa ajili yake. Na sababu yote ya imani hiyo, nilipoitazama pale koridoni, ilikuwa kwamba Bukavu ilikuwa chumvi. Sasa Bukavu ni kweli, na imani yangu haina pa kusimama. Moyo ulikuwa ukiniambia mchovya asali, mchovya asali. Mimi niliyemlalamikia wakili kwamba juri halitaweza, mimi ndiye niliyeshindwa.

"Ngoja," nikamwambia Rosalie. "Tufanye alivyosema jaji."

"Tufanye nini?"

"Tutoe video. Tuiweke hapa kando, kwenye hiki kiti. Imebaki nini?"

Tukahesabu pamoja kwa sauti ya chini kilichobaki. Tara aliiona bangili jioni. Sawa. Léopold aliingia asubuhi. Sawa. Lakini mahakamani ilikuwa imesemwa pia kwamba ufunguo wa bibi unakaa mlangoni kwenye kisanduku cha namba, na namba wanaijua watu wa kampuni nzima. Na Bibi Kamla huficha vitu: Tara mwenyewe alikubali aliwahi kukuta miwani ya mama ndani ya debe la mchele, na meno yake kwenye sufuria. Bangili haikuonekana kwa Léopold, wala kwa sonara yeyote, wala nyumbani kwake walipopekua hadi godoro la watoto. Tulipomaliza, karibu hapakuwa na kitu. Rosalie akaanza kulia, na safari hii yalikuwa machozi ya nafuu. Mimi nilimshika bega na kusema, "Umeona?" Lakini macho yangu yalikuwa yanarudi kwenye kile kiti.

Juri wakarudi alasiri ya siku iliyofuata. Msemaji wao alikuwa yule dada wa Kisomali. Akaulizwa, akasema, "Hana hatia," kwa sauti kavu, bila kumtazama Léopold, akaketi. Rosalie alipiga yowe mpaka mlinzi akaja. Léopold aliinamisha kichwa kwenye kioo, akabaki hivyo. Miss Sukhjinder alikuwa akipangusa pua. Na kule mwisho wa safu yetu, Tara, binti wa Bibi Kamla, alikunja koti lake mkononi akatoka peke yake. Nilimwonea uchungu, kwa sababu bangili ya mama yake bado haipo.

Nje, watu wakipita na mifuko yao ya dukani, sikuweza kujizuia. Nikamshika Léopold mkono. "Nisamehe kwa yale ya juzi kizimbani. Lakini niambie kitu kimoja. Njia ilikuwa wazi. Ungesema tu ni chumvi, nami nikaja nyuma yako nikasema ni chumvi, ile video yote ingeanguka. Kwa nini hukukana?"

Alifikiri. Rosalie naye akasogea kusikiliza, maana kumbe hata yeye hakuwa amethubutu kumuuliza.

"Ule mama mwenye kufagia," Léopold akasema. "Balimufukuza na watoto wake. Sijui kama anaishi. Kama miye nakatala, ni nani aliiba zile hereni? Ni yeye tena."

Nilimkumbuka mfagiaji huyo kanisani, jinsi nilivyomsifu Léopold moyoni kwa kumtunga vizuri. Machozi yakanitoka pale barabarani, sikuyafuta.

Simu yangu ikalia. Mchungaji Mugo. Mimi simu yangu huongea kwa spika siku zote, sikio langu la kulia si zuri, na kila mtu anajua.

"Mama Cheryl! Nimesikia! Bwana asifiwe!"

"Asifiwe, Pasta. Tuko naye hapa nje."

"Mwambie Jumapili tutamshangilia. Sasa sikia, mama. Kuna kajambo. Ile huduma ya wagonjwa, nadhani apumzike kidogo. Si milele. Watu wamepiga simu. Wanasema amekiri mahakamani."

Damu ilinipanda. "Amekiri nini, Pasta? Ni maneno yale yale! Neno kwa neno alivyosema madhabahuni, ukamkumbatia, ukapiga kelele, tukaiweka YouTube! Yalikuwa matamu yakiwa ushuhuda, leo yamekuwa machungu? Wale wageni kumi na wawili wasiomjua wameyasikia na bado wamemwachilia, sisi tunaokula naye tunamfukuza?"

"Usinipigie kelele, Mama Cheryl. Sifukuzi mtu. Mimi nilijua ni... si unajua vile ushuhuda huwa." Akashusha sauti. "Hebu niambie wewe. Ni mama yako mzazi amelala pale kitandani, hajiwezi, na hereni zake masikioni. Ungefunga mlango ukamwacha na Léopold?"

Nilijua jibu. Jibu ni ndiyo. Nililijua kwa akili yangu yote, nilikuwa nimelipitia kipande kwa kipande pale koridoni, na hata jaji mwenyewe angenipa alama. Lakini kabla halijafika mdomoni nilimwona mama yangu kule Kapsabet, amelala ubavu, na mkono wa mtu ukimsogelea sikioni. Nilimwona tu. Sikumwita. Kwenye spika Pasta akaita, "Halo? Mama Cheryl?" mara mbili.

"Ningemwacha, Pasta," nikasema. "Ningemwacha naye."

Nikakata simu, nikageuka. Léopold alikuwa amesimama pale pale, ameshika mfuko wa mandazi wa mkewe.

"Aksanti, Mama Cheryl," akasema, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Lakini umechelewa kujibu."

Kisha akamshika Rosalie mkono, wakavuka barabara kwenda kungoja basi.